Barabara ya Mawe ya Baba Mkwe

Watu wanaotutembelea upande wa Masimba husifu sana kile kipande cha barabara ya zamani kilichobaki ndani ya shamba letu. Husimama kwenye kona ya mawe, wakayakanyagakanyaga kama wanaojaribu viatu dukani, wakasema familia hii ilijua thamani ya mambo ya kale. Majirani wa pande zote mbili walikwisha kuilima zamani, ikamezwa na mahindi na mikaratusi, pakabaki njia ya mguu tu. Kwetu bado ni pana na lori lingepita. Wageni wakianza kusifu, mimi huenda jikoni kuangalia chai. Barabara ile haikutunzwa na mtu aliyependa historia. Ilitunzwa kwa sababu ya suruali ya baba mkwe wangu, na aliyeivuta suruali hiyo ni mimi.

Niliolewa huko katikati ya miaka ya sitini, nikitokea Marani. Nilikuwa nimesoma Nyanchwa, kwa Wasabato, nikajifunza kushona, kuimba sauti ya pili, na kuamini kwamba mengi ya wazee wetu ni ushamba. Hata hivyo hakuna shule iliyoweza kututoa ensoni. Hilo ni neno la Kikisii, na kwetu ni amri zaidi ya kuwa neno. Mke wa mwana hampi mkono baba mkwe wake. Hakai naye benchi moja. Baba mkwe naye haingii ndani ya nyumba ya mwanawe. Akija husimama uani akakohoa, na katika boma letu, lililokuwa kali kuliko mengine, akiwa na neno alimwambia mbuzi aliye karibu, mke wa mwana akasikia. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Na lililo kubwa kuliko yote, ambalo hata kulitaja ni kosa, ni mmoja kuuona mwili wa mwenzake.

Wakati huo barabara kuu ilikuwa ndiyo hiyo, ya udongo mwekundu, na mabasi ya kwenda mjini Kisii yalipita mbele ya boma letu yakinguruma. Penye mwinuko mkali walikuwa wametandika mawe ili magari yasiteleze. Baba mkwe alikuwa mmoja wa vijana waliolazimishwa kuyavunja na kuyapanga enzi za wakoloni, na mgongo wake haukusahau. Magari kweli hayakuteleza. Kwa watu, mawe yale hayakutoa ahadi yoyote.

Ilikuwa siku ya soko, nami bado ni bibi harusi wa mwaka wa kwanza. Baba mkwe alikuwa mbele yangu njiani. Nilimtambua tangu mtoni, nikawa napunguza mwendo kama inavyopasa. Kisha mvua ikaanguka yote kwa pamoja, wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kukimbia, nami nikakimbia nao, kikapu kichwani, chupa ya mafuta ya taa mkononi. Nilipofika kwenye mawe mguu uliniponyoka. Mtu anayeanguka hachagui cha kushika. Niliiachia chupa, nikashika kilichokuwa mbele yangu, nikaning'inia.

Baba mkwe alikuwa amevua koti akajifunika nalo kichwani. Suruali yake ya kaki aliifunga kwa kamba ya mkonge, na kamba ilikatika. Sitasema zaidi, ingawa walioona walisema mpaka wakachoka.

Nilibaki kifudifudi kwenye tope, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi ya Kisii, ambayo ukiipiga jembe linazama lote, siku hiyo ilikuwa ngumu kama sakafu ya posta. Nyuma yangu mwanamke mmoja alipiga ukemi. Mwingine akasema, "Jamani, fumbeni macho!" na wale ambao hawakuwa wametazama wakatazama. Nilisikia miguu ya baba mkwe ikipanda mawe, polepole kwanza, halafu kwa haraka.

Nilipofika nyumbani habari ilikwisha kunitangulia. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akanipa maji ya kunawa, hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema wazee wana dawa ya jambo hilo: mbuzi achinjwe, tule, maneno yasemwe, liishe. Mume wangu akakataa. Alikuwa mwalimu wa shule ya Sabato, kijana wa tai, na tai humfanya mtu ajue mengi.

"Sitachinja mbuzi kwa sababu ya suruali," alisema. "Tutaomba."

Basi mzee wa kanisa akaja. Nilipiga magoti nikamsikia akimweleza Mungu juu ya "lile jambo, Baba, ambalo Wewe unalijua na sisi hatuwezi kulitaja." Nadhani hata mbinguni walicheka. Lakini jambo halikuisha. Wakristo waliona limeombewa, wazee waliona halijaoshwa, na sisi wawili tukaachwa nalo katikati.

Niliona aibu. Sijui kuipamba. Ilikuwa aibu ya kuamka nayo asubuhi kabla sijakumbuka jina langu. Sokoni wanawake waliponiona walishika viuno vya sketi zao. Mmoja aliniuliza kama kwetu Marani ndivyo tunavyowaamkia wakwe. Nilicheka pamoja nao, kwa sababu ukikasirika wamekushinda, kisha nikaenda nyuma ya vibanda vya ndizi nikalia.

Na baba mkwe akatoweka machoni pangu. Uani hakuja tena, hata kukohoa. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alimbeba akampelekea babu yake kwenye nyumba ya juu. Babu alimtania huko mpaka jioni, maana babu na mjukuu hawana ensoni, kisha mtoto akarudishwa pamoja na mkungu mzima wa ndizi. Nilizipika ndizi zile nikijiambia kwamba mzee anampenda mtoto, mama yake hataki hata kumsikia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Miaka ya sabini ilipoanza, serikali ilichonga barabara mpya juu kwenye ubavu wa kilima, ikaweka lami. Mabasi yakahamia huko, maduka yakafuata mabasi. Shule niliyofundisha ilikuwa huko juu pia, kwa hiyo hakuna aliyefurahi kuliko mimi. Nilifika darasani na viatu vyeupe. Lami ile ilikuwa nzuri lakini nyembamba: upande huu ukuta wa udongo, upande ule bonde, na mwenda kwa miguu alijibana kwenye ukanda mdogo akiomba dereva awe amelala vizuri usiku uliopita.

Kila mtu alihamia lami isipokuwa baba mkwe. Nyasi zilipoanza kuota kwenye barabara ya zamani, yeye alizifyeka. Alizibua mitaro. Mawe yaliyong'oka aliyarudisha mahali pake, na yale yaliyoota utelezi wa kijani aliyakwangua kwa panga. Asubuhi, saa zile zile ninazokwenda shule, nilimwona kule chini akishuka na debe lake la maziwa kwenda sokoni, peke yake katikati ya barabara nzima kama Gavana. Hakuwahi kuinua kichwa kutazama juu.

Kilichonichoma ni kwamba alianzia kazi yake kwenye kona ya mawe. Pale pale. Angeweza kuanzia mtoni, au langoni kwake. Nilisimama juu kwenye lami nikamwona amechuchumaa akikwangua mawe, nikasema moyoni: mzee huyu anapatunza mahali nilipomvua nguo ili pasisahaulike. Watu hujenga makaburi, yeye amejijengea barabara.

Shuleni walimu walinitania. "Baba mkwe wako ameajiriwa na serikali gani?" mmoja aliuliza, na mwingine akamjibu, "Usiache mbachao kwa msala upitao," chumba kizima kikacheka. Niliinamia madaftari nikaweka alama za makosa mpaka kalamu nyekundu ikatoboa karatasi. Mume wangu aliamini kwamba mzee anaililia barabara kwa sababu aliichimba mwenyewe, na jasho la mtu haliachwi hivi hivi. Maelezo hayo yaliwatosha watu wengi. Hayakunitosha mimi, niliyejiona najua zaidi.

Chai ndiyo iliyonipa nafasi. Vilima vyote kuelekea Nyamira vilikuwa vimegeuka kijani, na mume wangu na kaka yake walianza kuzungumzia kuilima ile barabara na kupanda miche. Nilimchochea mume wangu. Nilimwambia ardhi imekaa bure, majirani wanachuma, sisi tunafyeka. Nilimwambia watoto watahitaji karo. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa kwamba nilitaka kona ile ifunikwe na majani chai mpaka asiwepo mtu wa kuionyesha kwa kidole.

Siku ya kulima shule zilikuwa zimefungwa. Alikuja mtu wa upande wa Nyamira na ng'ombe wake na plau, na akaja bwana shamba wa kutuonyesha mistari ya kupandia. Bwana shamba alikuwa Mkamba, mgeni, hakujua Kikisii, kwa hiyo siku hiyo sote tulisema Kiswahili. Majirani wachache walikuja kutazama, kama kawaida ya majirani. Mimi nilishuka na birika la chai na vikombe, nikasimama upande wa chini, kando ya ua, nikingoja wanaume wamalize kufunga nira. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na mitaro ilikuwa imejaa.

Baba mkwe akashuka kutoka juu na debe lake la maziwa. Nilimpa mgongo, kama inavyopasa, lakini masikio hayana mgongo.

"Mzee, leo tunalima!" bwana shamba alimwambia kwa furaha. "Utakuwa na chai mpaka mlangoni."

Kiswahili cha baba mkwe kilikuwa cha kambi ya barabara, kilichovunjwavunjwa. "Chai ni msuri," alisema. "Lakini mimi tapita wapi?"

"Si kuna lami, tata?" mume wangu akamjibu baba yake. "Pita kwa lami kama watu wengine."

"Lami hapana."

"Lakini kwa nini?"

"Lami hapana."

Kaka wa mume wangu akacheka. "Basi tutakuachia kanjia katikati ya chai. Kanakutosha wewe na maziwa yako."

"Na chai ikikuwa," baba mkwe aliuliza, "nani tachuma?"

"Wake zetu, nani mwingine?"

Niligeuka kidogo, nikamwona mzee kwa pembe ya jicho. Aliinua uso, kwa mara ya kwanza tangu nianze kumwona akipita pale, akatazama juu, kwenye lami, mahali ambapo mimi hupita asubuhi. Kisha akauinamisha haraka, kama mtu aliyekaribia kutamka tusi mbele ya watoto. Watu waliendelea kucheka. Mwenye ng'ombe akashika mjeledi.

Hapo nilielewa. Saa ya maziwa yake ilikuwa saa ya kengele yangu. Kule juu, kati ya ukuta wa udongo na bonde, hakuna mahali pa mtu kuachia njia. Angekutana nami kila asubuhi uso kwa uso, bega kwa bega. Miaka yote ile sikuwahi kukutana naye, si sokoni, si kanisani, si matangani, nami nilidhani ananikimbia. Alikuwa ananipisha. Aliniachia barabara mpya, lami, viatu vyeupe, yeye akabaki na tope, na ili aendelee kuniachia ilimbidi aifyeke ile yake isifungwe na nyasi. Na kona ya mawe aliianza kwa sababu pale ndipo panapoteleza.

Mke wa mwana hasemi katikati ya wanaume na baba mkwe wake yupo. Lakini bwana shamba alikuwa mgeni, na mgeni unaweza kumwambia neno.

"Bwana shamba," nikasema, "msilime."

Walinigeukia wote isipokuwa mmoja. Mume wangu alikunja uso. "Si wewe uliyesema ardhi imekaa bure?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

Birika lilikuwa zito, sikujua pa kuliweka. "Mzee hawezi kupita kwa lami," nilimwambia bwana shamba, "kwa sababu mimi ndiye ninayepita huko. Na kwenye chai pia nitakuwepo."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Basi anakuonea aibu?"

Mwenye ng'ombe alianza kutabasamu, nami nikajua kwamba kisa changu kilifika hadi Nyamira. Uso uliniwaka moto. Kwa Kikisii ningesema ensoni na ingetosha, kila mtu pale angechukua sehemu yake. Kiswahili kilinidai nichague. Nilikuwa mwalimu; nilikuwa nimewaandikia watoto ubaoni aibu upande huu na heshima upande ule, kana kwamba ni vitu viwili vinavyokaa mbali, na mwenyewe nikaishi na upande mmoja tu, nikidhani ndio mzee alionibakizia.

"Ana heshima," nilisema. "Mwenye aibu ni mimi. Niliteleza hapa kwenye mawe, siku ya mvua, nikamvua suruali. Hawa wote wanajua. Tangu siku hiyo ananiachia njia."

Hakuna aliyecheka. Ng'ombe mmoja akakojoa kwa muda mrefu, tukamsikiliza wote mpaka akamaliza. Bwana shamba alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Jirani mmoja alikumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Mume wangu, yule aliyekataa kuchinja mbuzi kwa sababu ya suruali, alitazama chini akachora mstari kwenye udongo kwa ncha ya kiatu, na sijawahi kumwona akiwa mdogo namna ile. Nilifikiri kwamba nikisema nitapata nafuu. Sikupata. Niliona aibu mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu sasa nilijua mzee alikuwa amebeba na sehemu yangu, na mimi kwa shukrani nilikuwa nimemletea plau.

Baba mkwe hakunitazama. Aliweka debe chini, akawasemesha ng'ombe kwa Kikisii, taratibu, kwa sauti ile ya kusema na mbuzi uani, ambayo ilikuwa haijasikika karibu nami tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yangu.

"Ng'ombe, rudini kwenu. Na kama kuna mtu ameshika chai, asiiache ipoe. Awape wageni wanywe."

Mwenye ng'ombe akafungua nira. Niliwamiminia wageni chai, nyingine ikaingia kwenye visahani. Hakuna aliyeomba sukari zaidi. Walipomaliza nilikusanya vikombe, na hapo ndipo nilipoona kwamba nimekwama: nyumba yangu ilikuwa juu, mimi nilikuwa chini, na baba mkwe alikuwa amesimama kwenye kona ya mawe, kati yangu na nyumba.

Barabara ilikuwa pana. Ningeweza kupita ukingo mmoja naye akakaa ukingo mwingine, na hata wazee wakali wasingeona kosa. Lakini aliponisikia naanza kupanda, alichukua debe lake, akashuka ndani ya mtaro, maji yakafika karibu na magoti ya suruali yake ya kaki, akanipa mgongo. Alikuwa mzee wakati huo. Maji ya mtaro wa Kisii baada ya mvua ni baridi hata kwa ng'ombe.

Nilipanda mawe nikikanyaga moja moja. Hayakuteleza. Nilipofika juu, karibu na lango, nilitazama nyuma nikidhani ametoka. Alikuwa bado amesimama mle majini, mgongo kwangu, akingoja nisionekane. Nikakimbia ili aweze kutoka.